Kukaza Hukumu

Hukumu ninayo: ina muhuri, ina nembo, haina meno.
Miezi kumi na minne.

Leo dalali wa mahakama anabisha kwa Urmas,
theluji ya Tartu begani,
nami mshonaji nyuma yake, na ankara iliyochakaa.

Gari? La mke.
Nyumba? Ya mtoto,
yule wa miaka sita, ngazini, anayetafuna tufaha.
Benki? Senti arobaini.
Alikopa harusi; matanga kaniachia mimi.

Kalamu ya dalali inazunguka chumba, inasita dirishani:
"Na haya ya nani?"

Urmas anakohoa.
Mapazia. Kitani, pindo la mkono,
usiku ishirini na mmoja wa macho yangu.

Napanda kiti, nayatungua mwenyewe.
Mtoto anafumba macho: jua la Februari.