Stakabadhi

Mimi ni karani wa mizani.
Misimu kumi na tisa nimesimama ghalani
nikisoma mshale ukishatulia,
si unapotetemeka.
Kwa hiyo usiniambie "takriban", Mtendaji.

Kwenye ubao wa matangazo wa kata,
karatasi ya tatu, chini ya chanjo ya mbwa,
imeandikwa: Njia ya miguu, Newala juu hadi bondeni.
Ngazi za mawe mia tatu kumi na mbili.
Kingo za mbao. Mifereji pande zote mbili.
Hali ya mradi: umekamilika.
Muhuri wa duara, wino wa bluu,
sahihi yenye mkia mrefu.

Jumamosi nikashuka.
Nilivaa raba za mwanangu, nikabeba daftari la ghala,
na Salvina Namanolo wa kidato cha tatu,
ambaye mwalimu wa jiografia amemwambia
achore ukingo wa uwanda, lakini asiuguse.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu: mawe mazuri, sisemi uongo,
saruji imeshika, mjusi ameshahamia.
Hadi arobaini na moja nilihesabu kwa sauti
kama anayepokea korosho za daraja la kwanza.
Ya arobaini na mbili ilikuwa hewa.

Hapo ndipo njia inapokata kona.
Mtu akisimama barabarani, viatu safi, mkono kiunoni,
macho yake yanaishia hapo hapo.
Nikaelewa walivyopima:
hawakupima kwa futi, walipima kwa macho ya mkaguzi.

Chini ya hapo ni korongo na mizizi,
na udongo mwekundu uliomchukua Esha Likwata mwezi wa Machi.
Watu wanane walimpandisha na kitanda cha kamba.
Walitoka saa tano, wakafika juu adhuhuri imepita.
Mguu wake siku hizi huijua mvua kabla ya redio.

Salvina akataka turudi.
Nikamwambia, mzigo hupimwa wote.
Tukashuka kwa makalio, tukishika nyasi,
hadi Ruvuma ikaonekana, nyembamba kama uzi wa kushonea gunia,
na ng'ambo yake vilima vya Msumbiji
vikitutazama bila kutudai chochote.

Mkutanoni ulisema: mvua.
Ukasema: mchakato.
Ukasema wananchi tuwe na moyo wa kujitolea,
kana kwamba Esha hakujitolea mfupa.

Nami nikasimama, daftari mkononi.
Nikasema, Mtendaji, korosho hunyauka.
Hilo twalijua. Kila msimu tunakatwa unyaufu
na tunanyamaza.
Niambie, na jiwe nalo hunyauka?
Watu wakacheka.
Kisha wakaacha kucheka, wakakutazama.
Ulitafuta miwani yako mfukoni,
nayo ilikuwa usoni.

Kuna kitu kimoja kilichokamilika kweli:
kibao cha KARIBU pale juu,
mbao nzito, rangi haijapauka,
kimechorwa mlima wenye theluji, sijui wa nani.
Jana jioni tulikiondoa.
Shemeji yake Esha alikuja na msumeno, hakuutumia;
kilitosha vilevile kilivyo.
Kimelala juu ya korongo, penye ngazi ya arobaini na mbili,
theluji ikitazama juu,
na watoto wa shule wanaikanyaga wakivuka.

Usiite wizi. Mimi sichukui kitu bila karatasi.
Hii hapa, nakala nyeupe ni yako:

*Imepokelewa kutoka kwa Halmashauri:*
*ngazi za mawe, arobaini na moja.*
*Kibao, kimoja (kimebadilishiwa kazi).*
*Kingo: hakuna. Mifereji: hakuna.*
*Baki: ngazi mia mbili sabini na moja.*
*Unyaufu: haukubaliki.*

Ya njano nimeibandika ubaoni kwa pini nne,
juu ya chanjo ya mbwa, ili ionekane.
Jumatatu nitapita kuangalia kama ipo.
Na Jumanne.