Nusu ya Neno

Kijiti chetu kilikuwa kipande cha bomba la maji.
Mwalimu Ngollo alikikata kwa msumeno wa kuazima,
akakizungushia utepe mwekundu katikati
tujue mkono wa nani unakoma wapi.
Nkwimba kulia, Mbuke kushoto,
Limi kulia, kwenye kona,
mimi kushoto, wa mwisho.
Hakuna kuhamisha mkono. Hakuna kugeuka.
"Ukigeuka unamwomba," alisema.
"Usimwombe, Holo. Mkimbie."

Nikapima nyayo ishirini na mbili kurudi nyuma,
zinapokoma nikamwaga majivu.
Limi akiyakanyaga, naondoka,
macho kwenye mawe ya mlimani,
kama mtu asiyedai chochote alikotoka.
Akinifikia atasema "Shika!"
na hapo tu kiganja kitoke, wazi, kitulie.

Tatizo lilikuwa neno.
Limi ana kigugumizi tangu chekechea.
Sh. Sh. Sh. Kama sufuria inayokaribia kuchemka,
na huku mita tatu zimeliwa, nne,
eneo linaisha,
bomba linalia kwenye changarawe.

Wakasema awekwe Kwandu.
Kwandu mwepesi wa kusema, mzito kwenye kona.
Wakasema basi apige mluzi.
Limi akafunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga.
"N-n-nataka lile lile la kila mtu."

Jioni ile Igogo tulibaki wawili,
upepo wa ziwa ukitawanya majivu yangu
nami nikiyamwaga tena.
Nikamwambia: usilimalize.
Nipe mwanzo wake, mengine nitayajua.
Tukarudia mara arobaini.
Kiganja kilivimba, kikajifunza kusikia.

Fainali, Kirumba. Kwenye kona ile
"Shika! Shika!" njia ya pili, ya tano, ya tatu,
kelele kama Mwaloni samaki wakishushwa.
Yetu ilikuwa pumzi tu kwenye meno.
Bomba likanikaa mkononi
likiwa na joto na jasho lake.

Tulikuwa wa pili, kama mnataka kujua.
Binti wa Sengerema alikuwa na miguu mirefu
kuliko hesabu zetu zote.
Lakini nikiwa hatua ya saba, ya nane,
peke yangu na mita zilizobaki,
nilimsikia kule nyuma, amesimama, hana haraka,
akilimalizia:

"...ika."