Foleni ya Miwa

Walinipigia Kisumu saa mbili usiku:
mizani ya kiwanda imelala tena,
trekta mia na kumi zimejipanga hadi njia ya Butere,
na programu ni yako, Khavere, njoo uiamshe.

Niliiamsha. Nilikuwa stadi wa hilo.
Tiketi iliyochukua dakika sita
nikaifanya itoke kwa sekunde arobaini.
Meneja akanipa mkono, akanipa na soda.

Wiki ya pili foleni ilikuwa mia na sitini.

Nikasoma msimbo mstari kwa mstari
kama anayechambua mchele akitafuta jiwe.
Hapakuwa na jiwe. Kila mstari ulikuwa mzima,
kila jaribio lilipita, taa zote kijani,
na nje miwa ilikuwa ikikauka juu ya matela,
uzito ukiwaponyoka wakulima kilo kwa kilo.

Ndipo Wangatia, karani wa zamu ya usiku,
akaniuliza, kinywa kimejaa muwa:
"Hivi vibali vya kuvuna, nani huvitoa?"
Programu, nikasema. Ikiona lango li wazi, hutoa.
"Na lango huwa wazi lini?"
Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Tulichora kwa chaki kwenye sakafu:
lango, uwanja, kinu, shamba, mfuko wa mkulima,
mshale hapa, mshale pale,
mpaka mshale wa mwisho ukarudi ukanielekea mimi.
Wepesi wangu langoni uliita panga shambani,
panga likalaza miwa ambayo kinu hakikuwa na nafasi nayo,
na jirani aliyeona ya mwenzake ikichelewa
akawahi kukata yake ingali michanga.
Kinu kilikuwa kilekile. Tani zilezile kwa saa.
Hakuna aliyekiuliza.

Nilifuta mistari thelathini na mmoja, nikaongeza miwili:
kibali kisubiri kinu, si lango.
Kwa siku tisa hakikubadilika kitu.
Hakuna mkono, hakuna soda,
nami nikajifunza kazi ngumu kuliko kuandika:
kutogusa.
Siku ya kumi trekta zilikuwa ishirini na nne.

Asubuhi hiyo Ayuma, muuza chapati wa kando ya foleni,
alisimama mlangoni, beseni lake bado limejaa,
akauliza ni nani aliyewafukuza wateja wake.

Nilirudi ndani kutafuta chaki.