Usawa

Stesheni ya zamani ya Dodoma
ina kibao cha chuma, rangi imebabuka:
mita elfu moja mia moja na kitu
kutoka usawa wa bahari.
Hicho "na kitu" ndicho kazi yangu.

Mimi ni Nyemo, karani wa vimo.
Nakaa ghorofa ya pili, Mtumba, vumbi likigonga dirisha,
na kila asubuhi bahari inaniandikia:
safu za namba kutoka gatini,
bomba limesimama majini, ndani yake boya,
boya lapanda, boya lashuka.
Na mimi niliyeiona bahari mara mbili tu
(mara ya pili nilikuwa na homa)
natoa mawimbi, natoa mwezi, natoa upepo,
natoa, natoa, mpaka kibaki kinachobaki.

Kinabaki kidogo. Punje mbili za uwele
zimelala ubavu kwa ubavu: huo ndio mwaka mzima.
Mkuu wangu alicheka.
Nikamwambia, haya, zipange za miaka thelathini
kisha vua viatu.

Mtaani wakisema usawa umekaza
wanasema shilingi. Mimi nasikia maji.

Lakini boya si shahidi wa kutosha.
Gati likididimia, litaapa kuwa bahari imepanda.
Ndipo tunaziuliza setilaiti, zisizokanyaga pwani yoyote:
zinapiga mlio chini, zinangoja mwangwi, zinahesabu.
Na mbili nyingine, pacha, zinafukuzana huko huko juu
zikipima uzito,
nani kajitwika maji, nani kayatua.

Hadi hapo nilidhani ni kesi ya wengine.
Joto: maji yakipata moto hutanuka,
muulize aliyejaza sufuria pomoni akaenda kutafuta kuni.
Barafu: ile ya nchi kavu, inayoteremka kama mgeni na mizigo yake.
Inayoelea haina deni jipya,
nafasi yake ilishailipia.
Halafu chini kabisa ya jedwali
mstari mwembamba, kama aliyechelewa mkutano:
maji ya ardhini.

Mume wangu Ndahani anapima visima Makutupora.
Anashusha utepe tunduni, anasikiliza,
anaandika kwa penseli, maana kalamu humvujia mfukoni.
Utepe wa zamani ulitosha. Wa sasa ameuunga.
"Kwangu yanashuka," alisema, akichovya tonge kwenye mlenda.
"Kwangu yanapanda."
Tukatazamana. Mlenda ukapoa.

Maji niliyofulia shuka Jumamosi
yalilala chini ya mbuga kabla bibi yangu hajazaliwa.
Yakaja kwa pampu, yakatoka bombani yakikohoa,
yakakauka kambani saa sita mchana,
na sasa, nani ajuaye, yananyesha
mahali pasipo mtu, maji juu ya maji.

Sijitwiki kosa la dunia.
Kuna waliochoma makaa vizazi na vizazi,
ndoo yangu haiwezi kulingana na mabomba yao ya moshi.
Na Mtera huko, bwawa linazuia kidogo,
nalo lina mstari wake, wenye alama ya kutoa.
Ila hesabu haijui huruma: tone nalo huandikwa.

Wiki iliyopita wakapaka kibao upya.
Mchoraji, kijana anaitwa Chidawali, akanipigia:
"Dada, niandike ngapi?"
Nikanyamaza, salio lake likiungua.
Nikampa namba ile ile. Bado ni kweli,
ukisamehe punje kadhaa,
na treni hazijawahi kuuliza.

"Na baada ya nukta, niache nafasi?"

"Acha," nikasema.
"Acha pana."