Mwezi wa Ukurasa wa Pili

Nilikinunua Mnazi Mmoja, kando ya njia,
buku mbili baada ya mabishano marefu,
kimelala kati ya kamusi isiyo na jalada
na kitabu cha ufugaji wa nyuki.
Kurasa nane, ngumu kama kigae,
picha kubwa, maneno ya kuhesabika:
sikukuu za watu.

Usiku nalinda duka la vitambaa Kisutu.
Asubuhi, Adelina akishatoka na beseni lake la vitumbua,
tunabaki wawili mkekani, mimi na Mwantumu,
miezi kumi na minne, meno sita.
Mimi napigana na usingizi,
yeye anapigana na kitabu.

Hasomi kama sisi.
Huanzia katikati, hurukia mwisho,
hukipindua miguu juu kichwa chini,
tena hukilamba kwanza, ajue kama kina maana.
Mwezi wa Idd ameshaung'ata ubavuni.
Ulichorwa wa siku tatu;
sasa ni wa siku moja.

Mti wa Krismasi umefunikwa theluji.
Adelina aliuona akacheka mpaka akakaa chini:
"Kwetu Masasi tulipamba mkorosho,
vizibo vya soda na karatasi za peremende,
na majimoto wakahudhuria bila kualikwa."
Tangu siku hiyo nikifika hapo nasema: mkorosho.
Kitabu kina lake, nyumba ina lake.

Ukurasa wa ngoma hautoi sauti,
basi nagonga jalada kwa vidole,
ti-ndi, ti-ndi, mdundiko wa kwetu Mbagala,
naye anaruka kwa makalio, nepi ikishuka.

Kwenye Diwali hunyamaza.
Vitaa vya udongo, safu kwa safu. Anavipuliza: fuu.
Havizimiki. Anapuliza tena, ananilaumu kwa macho.
Namsimulia ua la unga wa rangi
alilolichora Bi Hansa mlangoni pa duka,
nikaliruka usiku kucha nisilikanyage,
na ladu mbili nilizozifunga kwenye leso,
zikafika nyumbani zimekuwa ladu moja.

Mama Ghanima wa chumba cha pili akachungulia:
"Mtoto hajui jana wala kesho,
sikukuu atazijulia wapi?"
Nilitaka kumjibu kwa samaki na kukunjwa kwake,
lakini niliposhtuka alikwisha kwenda,
na kitabu kilikuwa usoni pangu, kimelowa.

Ukurasa wa nane ulichanwa na mtoto wa watu, kabla yetu.
Umebaki mguu mmoja wenye njuga.
Sikukuu ya nani, sijui.
Jumatatu nasema ni mavuno, Jumanne ni arusi,
jana nilisema: huyu anakuja kwetu, amechelewa tu.
Mwantumu akaweka kiganja pale pasipo na kitu,
akasubiri.

Siku ya ishirini na tisa nilibadilishana zamu na Kalisto;
nami nitamlindia mkesha wa Krismasi.
Magharibi uani watu tele, shingo zimenyooka,
redio ya mtu imenyamazishwa,
Mama Ghanima kasimama juu ya ndoo.
Ukaonekana juu ya nyaya za umeme, uzi tu,
na mtaa mzima ukapiga kelele.

Nikamwinua Mwantumu. Akautazama sana.
Akafungua mdomo, meno yote sita;
kisha akaufunga,
akanigeukia,
kama anayetaka kujua
ni nani aliyeung'ata kabla yake.