Kazi Yangu Ni Kuzeesha

Kapela hufua. Mimi huzeesha.
Ndivyo tulivyogawana kazi hapa Ng'ambo,
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.
Chuma hutoka kwake kikiwa bado na samawati ya moto,
springi za lori lililofia njia ya Sikonge,
nami hukipokea kama mkunga aliyekabidhiwa mtoto
akaambiwa: mfanye babu kabla ya Ijumaa.

Chumvi ya Uvinza, vijiko vinne.
Maji ya ukwaju yaliyolala siku tatu.
Mkojo wa ng'ombe wa Nyanzobe,
maana wa mbuzi huacha madoa ya uongo.
Nasema hivyo bila kucheka:
yako madoa ya uongo na madoa ya kweli,
na katika mji huu mwenye kuyatofautisha ni mimi.
Kisha udongo wa kichuguu, wiki mbili.
Nafukua, nasugua kwa jivu, napaka nta,
na mkuki uliozaliwa Juni
unatoka shimoni umeshazika watu.

Safari hii oda ilikuja na mchoro.
Mikuki sita ya askari wa farasi:
futi tisa na nusu, uti wa mninga,
matundu mawili chini ya chembe
ya kufungia kibendera chekundu na cheupe.
Kapela aliigeuza karatasi juu chini.
"Farasi? Hapa ndorobo anamaliza ng'ombe.
Farasi angefika Tabora kwa treni, amelala."
Bwana Kaijage, mnunuzi, hakucheka.
"Wateja wangu wana kuta ndefu," alisema.
"Kuta ndefu zinataka vitu virefu."

Ulipokamilika wa kwanza
Masele, mwanafunzi wetu, akapanda baiskeli,
mkuki kwapani, kofia ya sufuria kichwani,
akaliendea gunia la pumba tulilolitundika.
Watoto walipiga vigelegele.
Akaanguka, baiskeli huku, sufuria kule,
lakini mkuki ulikuwa umeshapita,
umeingia huku na kutokea huku,
na pumba zikamwagika polepole
kwa sauti ambayo sikuipenda.
Tukanyamaza wote.
Tulidhani tumetengeneza pambo.

Ijumaa, akingoja chai ipoe,
Kaijage aliuona ule wa nyuma ya mlango,
ule tunaoangulia mapapai.
Ni wa babu yake bibi Msimbete,
aliyekwenda nao pwani na kurudi,
mara ngapi, hakuna aliyehesabu.
Bibi aliupaka mafuta ya nyonyo kila Jumamosi
mpaka Jumamosi aliyoshindwa kuinuka,
nami nikaendelea, kwa mazoea tu,
kama mtu anavyoendelea kufagia uwanja wa nyumba iliyohamwa.
Chembe yake inang'aa kama jino la mtoto.

Kaijage akaupima mkononi.
Akaugonga kwa ukucha, akasikiliza.
"Huu wa juzi," alisema.
"Mnajua kazi, lakini huu mmesahau kuuzeesha."
Nikafungua mdomo.
Kapela akanitazama.
Nikaufunga.

Mikuki sita ikavishwa magunia
ikapakiwa treni ya Mwanza pamoja na madumu ya asali.
Ndani ya shingo ya kila mmoja, pasipofika jicho,
Kapela amepiga mwaka huu na herufi moja ya jina lake.
Anasema si uongo basi,
anayetaka kujua na ang'oe uti.
Sijui. Nani ang'oe uti
wa kitu alichokilipia ili asikiulize?

Usiku ule nilihesabu noti mara mbili,
na vidole vyangu vilinuka ukwaju.
Nilifikiria ukuta huo mrefu, popote ulipo,
na wageni wakisimama chini yake na glasi zao,
wakishusha sauti kwa heshima
mbele ya chumvi yangu.

Leo asubuhi nimeangua mapapai mawili.
Moja lilikuwa bado bichi.