Gumba ni la Nafasi

Kidole gumba changu cha kushoto kimeota sugu
pale msalaba wa kontrola unapokwaruza:
chini, chini-mbele, mbele, ngumi.
Robo duara, mara mia kila usiku,
na mara ya mia na moja
Mundhir, binamu yangu wa Mabela,
ananibamiza ukutani kama nguo ya kufua
na kucheka mpaka anapaliwa na chai ya maziwa.

"Si mkono wako," ananambia, "ni chombo."
Uongo wa adabu. Najua.
Lakini Alhamisi, mshahara ungali mbichi,
nikashuka Ruwi.

Duka la Biju liko ghorofani, juu ya wauza mapazia.
Ngazi zinanuka ubani na waya ulioungua.
Nje Agosti. Ndani kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye kopo la samli.
Mama alinifuata kwa ajili ya kiyoyozi,
si kwa ajili yangu. Alisema hivyo hivyo.

Biju akaweka cha kwanza juu ya kioo:
fimbo, kichwa chake chekundu
kama komamanga changa la Jabal Akhdhar,
na vitufe vinane vinavyojibu kabla hujauliza.
Akakifungua tumbo, akanionyesha:
lango la mraba, kwa wanaotaka kuzijua kona;
lango la pembe nane, kwa wanaopenda kushikwa mkono.
Nikakipakata. Kizito, kama mtoto wa watu.
Nikajiona nimesimama kwenye banda la michezo, zamani,
miaka ambayo sikuwapo.
Riyali sitini na tano.
Kifundo cha mkono kikauliza: na mimi je?

Kisha cha pili. Hakina fimbo.
Kibapa, cheusi, chembamba kama daftari la deni,
kushoto, chini, kulia zimepangwa safu moja,
na kitufe kikubwa huku chini, peke yake.
"Hicho cha kuruka," akasema Biju kwa Kiarabu chake cha mbio.
"Dada, mkono hauendi popote. Vidole tu."
Nikabonyeza. Nikasahau kushoto ni wapi.
Mtu wangu kwenye skrini akachuchumaa, akaruka, akachuchumaa,
kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Mama akacheka. Halafu akavua pete.

Mama, asiyejua hata kuongeza sauti ya televisheni,
akavuta kiti, akanyoosha mgongo,
akavishusha vidole juu ya vile vitufe
kama anayerudisha funguo mahali pake.
Alikuwa karani wa taipu. Unguja kwanza, kisha hapa,
kurasa sitini kwa siku, nakala tatu za kaboni,
bila kutazama chini.
Miaka thelathini nimeiona mikono ile ikikata vitunguu
nikadhani ni kazi hiyo tu inayoijua.

Ta-ta-ta. Ta.
"Usiviangalie," akasema. "Ukiviangalia vinakimbia.
Kila kidole kina nyumba yake; kikitoka, kirudi.
Na gumba lina kazi moja: nafasi.
Nilikuwa na mwenzangu, Bi Thureya,
neno moja, nafasi tatu.
Barua zake zilikuwa na mashimo,
ungeweza kupitisha mbuzi."

Ndivyo Mundhir anavyonipiga:
kila ninaporuka bila sababu
ananingoja pale nitakapotua.

Biju alitaka sabini na mbili.
Mama akamshusha hadi sitini na nne, akadai na mfuko.

Wiki ya kwanza nimepoteza mechi arubaini na moja.
Mkono wa kulia umeshajua,
wa kushoto bado unakariri alifu, be, te.
Sugu inabanduka. Ngozi mpya inawasha.
Na jana, saa sita ya usiku, nikienda kunywa maji,
nimemkuta Mama sebuleni, taa imezimwa,
kile kidude mapajani, hakikuunganishwa na chochote,
anaandika.
Sikumuuliza barua inakwenda kwa nani.
Nilisimama mlangoni nikihesabu nafasi:
moja. Moja. Moja.